Bibo Halina Mwenyewe

Huko Ruponda, ukipita kwenye mikorosho ya mtu wakati wa mavuno na kiu imekushika, unaokota bibo, unaing'oa korosho yake, unaiacha pale pale shinani, unaendelea na safari yako huku unatafuna. Hakuna atakayekuuliza. Korosho ina mwenyewe, bibo halina mwenyewe. Lakini thubutu kuondoka na korosho hata moja mfukoni! Utaitwa mwizi mpaka wajukuu zako waoe.

Kwa desturi hiyo Mwanamvua binti Saadi ameishi maisha yake yote, na siku desturi ilipotaka kuvunjwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubaki mikono mitupu.

Ni mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti yake haijui kunong'ona. Akikuaga asubuhi, mtaa mzima unajua umeondoka. Babake, mzee Saadi, alipanda mikorosho mingi kandokando ya njia iendayo Ruangwa. Alipofariki, maradhi ya mama yakalila lile shamba kipande kwa kipande, na kipande cha mwisho akakinunua Shaibu, mtu wa hapo hapo kijijini, waliyekua naye. Alinunua kwa halali, mbele ya mashahidi. Hilo Mwanamvua atakuambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Kwake ikabaki mikorosho mitatu nyuma ya nyumba, na mmojawapo ni kikongwe kilichokwisha kuchoka kuzaa.

Mwingine angekaa kumlilia marehemu. Mwanamvua alichukua ndoo. Kila msimu, jua halijapanda, aliingia mashamba ya watu, la Shaibu likiwemo, akaokota mabibo na kurundika korosho chini ya kila mti. Wenye mashamba walimpenda, nani asiyependa kuokotewa bure? Na hajatokea hata mmoja aliyesema rundo lake limepungua. Mabibo aliyakamua, maji yake akayachemsha, akayauza gulioni Nachingwea. Wanywaji wa ulaka walimbembeleza ayaache siku mbili tatu yachache, yawe pombe. "Kamwombeni mama yenu awapikie," aliwajibu. Juisi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake Asmaa mpaka akawa muuguzi. Khanga zake zote zilikuwa na madoa ya bibo, na doa la bibo halitoki, unazikwa nalo. Alizivaa hivyo hivyo mpaka harusini.

Basi ikaja habari ya ethanoli. Redio ilitangaza kwamba petroli ya nchi hii itachanganywa na spiriti inayotokana na mimea: miwa, muhogo, na kwetu kusini, mabibo. Lengo ni nchi ipunguze kununua mafuta ya ng'ambo. Loo, Ruponda ilicheka! Fahadi wa bodaboda akawa anapita kijiweni anapepesuka na pikipiki yake, eti imelewa. Wengine hawakucheka. Walikwenda kumuuliza shehe kama Mwislamu anaweza kuuza bibo litakalokuwa spiriti. Shehe alifikiri siku kadhaa, kisha akasema kinachoingia kwenye tangi si kinachoingia kinywani, na pikipiki haina swala ya kuipita. Kiwanda kikafunguliwa Nanganga, na lori likaanza kupita vijijini kuchukua mabibo.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa Mwanamvua. Aliwakusanya wanawake wenzake, wengi wao wajane na wasio na mashamba, wakayaokota mabibo ambayo miaka nenda miaka rudi yalikuwa chakula cha nzi. Aliezeka nyumba yake upya. Pikipiki ikipita alisimama kibarazani na kupaza sauti: "Pita, baba, pita! Nguvu hiyo ya Ruponda!" Alijidai, na mimi nasema alikuwa na haki ya kujidai. Miaka yote watu wa kusini tunaambiwa tusubiri, maendeleo yako njiani. Safari hii kitu kilitoka kwetu kwenda kwao, tena kitu tulichokuwa tukikikanyaga. Asiyejivunia hilo ana lake jambo.

Lakini kitu kikipata bei, ndugu huanza kutazamana. Msimu wa pili ulipoingia, Mwanamvua alifika kwa Shaibu na ndoo yake akakuta njia imezibwa kwa matawi ya miba, na Shaibu mwenyewe amesimama nyuma ya miba hiyo.

"Kaka Shaibu, kulikoni?"

"Dada, usinielewe vibaya. Bibo lina bei sasa. Na chenye bei kina mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Kufika mwisho wa wiki, kila mwenye shamba alikuwa ameweka miba yake. Wanawake walikuja kwa Mwanamvua na ndoo tupu, wakakaa kibarazani kama watu wa msibani. Mikorosho mitatu haijazi hata pembe ya lori. Bila mashamba ya watu, yeye na wenzake walikuwa wamekwisha. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Amri, akadai mkutano.

Mkutano ulijaa. Shaibu alisema kwanza, na tuwe wakweli, alisema vizuri. "Dawa ya kupulizia nanunua mimi. Palizi nalipia mimi. Mkorosho wangu ukizaa, unazaa vitu viwili. Iweje kimoja kiwe changu na kingine kiwe cha kila mpita njia?" Vichwa vikatikisika kukubali. Hata baadhi ya wanawake wa Mwanamvua walianza kutazama chini.

Mwanamvua akasimama. "Mwenyekiti, mimi nimekubali. Bibo lina mwenyewe."

Wenzake waliguna. Mmoja alimvuta khanga akae, naye akaupangua ule mkono.

"Ila mimi ni Mwislamu," akaendelea. "Tumefundishwa kwamba ukila mali ya mtu bila ruhusa yake, toba peke yake haitoshi mpaka mwenyewe akuwie radhi. Nakosea, shehe?"

"Hukosei," shehe akajibu, bila kujua anapelekwa wapi.

"Basi tuanze. Ambaye hajawahi kula bibo la mtu katika kijiji hiki, anyooshe mkono."

Wee! Hapakunyooshwa hata kidole.

"Mzee Amri, shikamoo. Ulipokuwa mchunga mbuzi, ulikula mabibo ya nani?"

Mwenyekiti alijikuna kidevu. "Ya marehemu Rashidy."

"Marehemu! Sasa radhi utaipata wapi, mzee wangu? Utapiga hodi kaburini?"

Watu waliangua kicheko, kisha kicheko kikafa chenyewe. Kila mmoja alikuwa anawakumbuka wafu wake, mashamba aliyopita utotoni, mifuko aliyojaza akitoka shule. Bibi mmoja akaanza kusema astaghfirullah kwa sauti ya chini.

Shaibu naye si mjinga. Alitoka alipokaa, akaja mpaka mbele ya Mwanamvua, akavua kofia.

"Mwaka ule wa njaa," akasema, "mimi na mama yangu tulikula mabibo ya baba yako mpaka midomo ikachubuka. Kila mtu hapa anajua. Wewe ndiye mrithi wake. Niwie radhi, Mwanamvua, mbele ya hawa wote. Mimi nami nawawia radhi wote waliokula kwangu. Na wengine wafanye hivyo hivyo, yaishe. Kuanzia leo kila mtu ashike chake."

Umeuona ujanja huo? Mwanamvua akimsamehe, desturi imezikwa kwa heshima zote. Akikataa, yeye ndiye mwanamke mwenye roho ngumu, aliyeombwa radhi hadharani akainyima. Wanawake waliokaa nyuma walishika vichwa.

Mwanamvua alimtazama. Alikuwa amekuja na hasira zake tayari, na maneno makali alikuwa nayo tele. Lakini mbele yake alimwona yule mtoto wa mwaka wa njaa, miguu myembamba, mdomo wenye vidonda, ameshika upindo wa khanga ya mama yake. Hasira zikamwisha, na uchungu ukamjaa.

"Sikusamehe," akasema.

Uwanja ukavuma. Shehe aliinua mkono kutaka kumtuliza.

"Sikusamehe, Shaibu, kwa sababu nikikusamehe nitakuwa nimekuita mwizi. Wewe, na mama yako. Na mama yako hakuwa mwizi." Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilishuka, ikabidi watu wasogee wasikie. "Alikuwa na njaa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Baba alimkuta pale chini ya mti, akamwambia aongeze, yako mengi. Hakumpa mali yake. Bibo halikuwa lake. Mama yako aliondoka pale na heshima yake yote, mpaka anakufa. Leo unataka mimi niivue? Mimi siwezi. Ivue wewe, mwanawe."

Shaibu aliigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. Jasho lilimtiririka, au labda halikuwa jasho. Mtu mzima ana haki ya kutoangaliwa sana usoni, kwa hiyo tuliangalia miguu yake.

"Mama hakuwa mwizi," akasema mwisho.

"Hakuwa."

"Hakuwa mwizi, jamani!" Aligeukia umati kama tulikuwa tumebisha. Halafu akavaa kofia. "Miba yangu naiondoa leo leo."

Akaiondoa, na kabla ya magharibi njia zote zilikuwa wazi. Wale waliosita, wake zao waliwasaidia kuacha kusita. Kesho yake wanawake waliingia mashambani na ndoo, na mzigo uliopatikana lori lilibeba kwa kuinamia upande mmoja. Mwanamvua alipanda mbele, kando ya dereva, akapita Ruangwa kifua mbele, mpaka Nanganga.

Kijana wa kwenye mizani hakumjua. Alitazama lile rundo jekundu na la manjano, akatazama khanga yenye madoa.

"Mama, mabibo yote haya ni ya nani?"

"Yangu!" akajibu, kwa sauti iliyogeuza vichwa mpaka barabarani. "Yangu na wenzangu. Tumeyaokota."