Macho Yangu na Swali Nililotaka Kumuuliza Mungu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huja kunitembelea bila kuitwa, nami nimezoea kuipokea kama ndugu wa nyumbani. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, zama za Mdachi, wakati reli ilipokuwa ikitambaa kutoka pwani kuingia nchi yetu ya Ugogo. Nilikuwa kijana mwenye mabega. Nilikuwa nimebatizwa kwa jina la Yohana muda si mrefu, na nilikuwa na mchumba aitwaye Nyemo, binti wa kijiji cha pili kutoka kwetu Buigiri. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kupelekwa kwao. Tulikuwa tunangoja mavuno tu.

Kazi yangu kwenye reli ilikuwa kubeba mawe. Mafundi walitoboa mwamba, wakashindilia baruti, wakapuliza filimbi, nasi tukakimbia kujificha. Mwamba ukishapasuka tulirudi kukusanya vipande. Asubuhi ile baruti ya shimo moja ilichelewa kushika moto. Sisi tulidhani yote yamekwisha kulipuka, tukarudi, na mimi nikatangulia kwa sababu nilipenda kutangulia. Nikasikia mshindo, nikasikia harufu chungu puani, kisha giza. Giza lile halijaondoka mpaka leo.

Usianze kunihurumia, ngoja kwanza. Wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeishi kwingi bila kuona, na bado nimeridhika. Nisikilize tu.

Wenzangu walinibeba kwa machela mpaka nyumbani. Majeraha ya uso yalipona, macho hayakupona. Basi nikawa mtu wa kukaa ndani ya tembe ya baba yangu, mgongo ukutani, nikiwasikiliza wageni. Watu wa kwetu ni wema. Walileta uwele, walileta maziwa ya mgando, walileta kuku. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Taabu ni kwamba hakuna aliyekuja kinywa kitupu vilevile: kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuniambia kwa nini yamenipata.

Baba yangu hakuwa Mkristo. Yeye alisema mizimu ya wazee imechukia kwa kuwa niliipa kisogo. Alisema hayo huku analia, na akachinja mbuzi mweusi ili kuituliza. Sikumlaumu hata kidogo. Alikuwa anamtafuta mtoto wake kwa njia aliyoijua.

Aliyeniumiza zaidi alikuwa mtu wa upande wangu. Mwalimu Danieli, kijana mwenzangu aliyetufundisha kanisani, alikuja akaniombea vizuri, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Ndugu Yohana," akasema, "Mungu hapigi bure. Jichunguze. Kuna jambo umelificha."

Nikajichunguza, mwanangu. Nilitubu mambo niliyoyafanya, na yalipokwisha nikaanza kutubu nisiyoyafanya. Nilitubu mawazo, nilitubu ndoto. Kila nilipomaliza nilifungua macho nione kama Mungu ameridhika, na kila mara ilikuwa giza lile lile. Nikaanza kumwogopa Mungu kama mtu anavyomwogopa askari wa boma, ambaye hujui atakukamata kwa kosa gani.

Hapo ndipo alipokuja Babu Stefano. Huyu alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu mrefu wa maneno machache. Wote tulijua kwamba utotoni alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa na kupelekwa pwani amefungwa, akakombolewa huko, akarudi bara mtu mzima, Mkristo. Lakini habari hizo hakuzizungumza. Siku ya kwanza aliingia, akasema "Mbukwa," kama tusalimianavyo Wagogo, akaketi. Hakuuliza naendeleaje. Alikuwa amekuja na karanga zake kwenye kikapu, nikasikia maganda yakivunjika moja moja, na kila baada ya muda alinitilia punje chache kiganjani. Jua lilipopungua ukali akaniaga, akaenda zake. Kesho yake akaja tena na karanga, na kesho yake tena. Nitakwambia kweli: siku za Babu Stefano ndizo siku nilizokula nikashiba.

Basi Babu Stefano alikuwepo siku Danieli alipokuja kunitembelea tena. Danieli akaanza pale alipoachia: kwamba mkono wa Bwana ni mzito juu ya mwenye kuficha, kwamba nikiungama huenda macho yakarudi. Maganda ya karanga yakanyamaza.

"Mwalimu," Babu Stefano akasema taratibu, "ulikuwepo?"

"Wapi, Babu?"

"Pale Mungu alipokata shauri la kumpofusha kijana huyu. Maana unazungumza kama uliyeketi naye barazani."

Danieli akakohoa. "Sikuwepo, Babu."

"Haya. Na wewe ndiwe unayetusomea kanisani. Wanafunzi wa Bwana walipomkuta yule kipofu wa kuzaliwa, waliuliza nini?"

Danieli akajibu kwa sauti ndogo kwamba waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake.

"Na Bwana akawaambiaje?"

"Kwamba si yeye wala wazazi wake."

"Halafu akaketi kuwaeleza sababu mpaka jua likatua?"

"Hapana, Babu. Alishika udongo, akampaka yule mtu machoni, akamponya."

"Sasa wewe huna udongo huo, wala mimi sina. Lakini mikono tunayo. Kachote maji mtungini, umwoshe ndugu yako uso. Vumbi limemjaa, na inzi wanamsumbua, na wewe unamhubiria."

Danieli alikuwa na moyo mzuri, hilo nalisema mbele za Mungu. Alikwenda akachota maji. Aliniosha uso polepole, akanifuta kwa nguo yake, kisha akaenda zake.

Tulipobaki wawili nikamuuliza mzee, "Basi kama si dhambi, Babu, ni nini? Kwa nini ameruhusu?"

Nikasikia ganda moja likivunjika.

"Sijui," akasema.

Mwanangu, huwezi kujua jinsi neno lile lilivyonipumzisha. Ndilo lilikuwa neno la kwanza la kweli tangu nilipoumia.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikupata kumsikia akimwambia mtu mwingine. "Nilipokuwa mdogo walinifunga kamba shingoni, mimi na mama yangu, katika msururu mmoja. Mama akaugua njiani. Walimfungua wakamwacha chini ya kichaka, na mimi nikavutwa mbele, nageuka nyuma kumtazama, navutwa. Kwa miaka mingi nilimuuliza Mungu: ulikuwa wapi? Siku moja nikaona kwamba walionifunga walikuwa watu. Mungu aliwapa mikono, hakuwapa kamba. Kamba waliisokota wenyewe."

"Angeweza kuivunja mikono yao," nikasema.

"Angeweza. Nami nilimwomba hivyo. Lakini siku akianza kuivunja mikono yote iliyotenda mabaya, mjukuu wangu, nani atabaki na mkono wa kushikia jembe?"

"Mimi sikufungwa na mtu, Babu. Ni baruti tu. Ilichelewa."

"Ndiyo maana nimekwambia sijui. Lako ni gumu kuliko langu. Nikifika kwake nitamuuliza la kwangu, na nikikumbuka nitamuuliza na la kwako. Tena nitamuuliza nimesimama, sitaogopa. Unajua kwa nini siogopi? Kwa sababu yule nitakayemuuliza ana makovu mikononi. Mungu asiyejua maumivu ningempa heshima yake nikanyamaza. Huyu alipigwa, akasingiziwa, akalia mbele za watu, akauliza naye kwa nini ameachwa. Mtu wa namna hiyo nitazungumza naye."

Akanitilia karanga kiganjani, akainuka.

Sasa nikupe habari za Nyemo, maana najua ndizo unazozingoja. Huko kwao baba yake alikuwa amesema ng'ombe warudishwe. Hakuwa mtu mbaya. Ni mzazi gani anayetaka kumpa binti yake mtu wa kushikwa mkono? Nami nilikuwa nimekubali moyoni. Lakini asubuhi moja nikasikia sauti ya shangazi yake uani akimsalimu mama, na nyuma yake hatua nyingine ambazo nilizijua kabla hazijafika mlangoni.

Nyemo akaweka kibuyu cha maziwa chini. Shangazi akakohoa, akatoka nje kwenda kutazama ndama, kama watu wazima wenye busara wafanyavyo.

"Rudi nyumbani, Nyemo," nikamwambia. "Nimekuachilia. Utamwongoza kipofu maisha yako yote?"

"Nani amekwambia nitakuongoza?" akasema. "Miguu si unayo? Utajifunza njia. Mimi nitakuwa na kazi zangu."

"Baba yako amesema ng'ombe warudi."

"Amesema. Nami nimemwambia, ng'ombe wakirudi watarudi peke yao, mimi nitakuwa nimekwisha kuja huku. Macho yako yamekufa, Yohana. Wewe hukufa. Au umekufa na mimi sikuambiwa?"

Nilitaka kulia, nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu niliposikia ule mshindo, na mama yangu aliyekuwa jikoni aliangusha mwiko.

Baba yake akakubali, tukaoana baada ya mavuno. Na Nyemo alitimiza neno lake, hakuniongoza! Alifunga kamba kutoka mlangoni mpaka zizini, na nyingine mpaka shambani, akaniacha nijigonge. Nilijigonga sana. Kisha nikazoea, na kamba zikaondolewa. Nikawa mkamuaji wa ng'ombe ambaye hata majirani walimwita, kwa maana ng'ombe mkorofi hutulia akishikwa na mtu asiye na haraka. Nililima kwa kupapasa mistari kwa vidole vya miguu. Tulizaa, tukalea. Sikupata kuiona sura ya mtoto wangu hata mmoja, lakini kila mmoja nilimjua kwa pumzi yake usingizini. Hapo nikaelewa kwamba furaha haikungoja nijibiwe swali langu. Iliingia tu ndani, swali likiwa bado limeketi pale pale.

Baadaye vita vya wazungu vikaanza, na mvua ikakosa. Nafaka kidogo iliyokuwepo ilichukuliwa na askari pamoja na ng'ombe. Njaa ile iliingia kila nyumba. Kwetu tulikula mizizi, tukapona. Kwa Mwalimu Danieli alifariki mtoto wake wa pekee, msichana aliyekuwa ameanza kutembea.

Nilipopata habari nikachukua jembe langu nikaenda. Nilimkuta ameketi chini nje ya nyumba, na watu wachache waliokuwa na nguvu za kuja walikuwa wamesimama mbali. Akanitambua, akaushika mguu wangu.

"Yohana, nimemkosea nini Mungu? Niambie. Wewe umeteseka, wewe unajua."

Neno lingeweza kunitoka hapo, mwanangu. Maneno ya kumwambia mtu wakati wa msiba huwa mengi na hayana gharama. Lakini nilijua adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

"Sijui, ndugu yangu," nikasema. "Hukukosa. Nionyeshe mahali, nichimbe. Kuchimba hakuhitaji macho."

Akanishika mkono mpaka mahali pale. Nikachimba. Ardhi ilikuwa ngumu kama kigae, na kila nilipochoka yeye alishika jembe akachimba kidogo, kisha akalia, kisha nikalichukua tena. Tulimzika mtoto jioni. Danieli aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapata watoto wengine, na tangu siku ile hakuna mfiwa aliyemsikia akieleza sababu. Alikuwa mtu wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Basi, mwanangu, nikuachie ninalolijua, maana siku zangu si nyingi na najua zinakoelekea.

Mateso yakikupata, muulize Mungu. Uliza kwa sauti, uliza kwa machozi, hachukii. Mtoto hamuulizi mgeni kwa nini amelala njaa, humuuliza baba yake, na kuuliza kwenyewe ni imani. Ila usingoje jibu ndipo uanze kuishi. Amka ukamue, lima, oa, cheka ukipata cha kuchekea. Na usimsingizie Mungu yaliyotendwa na mikono ya watu: pale penye mnyonge aliyedhulumiwa usiseme ni mapenzi ya Bwana, sema ni dhuluma, kisha umsaidie. Yale yasiyo ya mtu, kama ukame, kama baruti iliyochelewa, hayo mimi sina maelezo yake. Ninachojua ni kwamba katika giza langu sikupata kuwa peke yangu. Mungu alikaa nami. Nimemhisi pale karibu kama mtu ahisivyo moto chumbani hata akiwa amefumba macho. Wengine watakuambia hiyo si sababu. Ni kweli, si sababu. Lakini mimi imenitosha, na nimezeeka nayo nikiwa na amani.

Na yakimpata mwenzako, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda na chakula, nenda na jembe, nenda na maji ya kumwosha uso. Kinywa chako kiache nyumbani kwanza. Kitakuja chenyewe siku atakapokiita.

Mungu aliyeonja machozi yetu akutunze. Akupe mvua kwa wakati wake, na mwaka ikikosa akupe jirani mwema. Nyumba yako isikose kicheko, mlango wako usimfukuze anayelia, na siku utakapofika mbele zake, ufike umesimama. Amina.