Picha ya Ukutani

Naipanoi, ambaye dukani tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, hutoka Kakesio kuleta shanga katika duka la vinyago ninapouza, hapa Karatu. Siku moja aliinua macho akamwona mwanawe ukutani, kwenye picha kubwa, anacheka katikati ya ng'ombe. Mtalii alimpiga picha hiyo njiani. Mwaka uliofuata kijana akauawa na nyati.

Kwao marehemu hatajwi jina. Hata mama mzazi hulimeza. Lakini kila mgeni akisimama pale lazima aulize, "Huyu nani?" Nami bosi hataki ninyamaze, basi namtungia majina, leo Sakaya, kesho Sairowua, na Yeyo anazidi kuinamia shanga zake. Duka lingine halizichukui.

Nilimwomba bosi aitoe picha ile. Akanijibu, "Marsela, duka hili la baba yako?" Nusura nimrushie kinyago.

Jana mgeni akainunua. Yeyo alipofika akautazama ukuta mtupu, akaketi, akaomba chai kwa mara ya kwanza. Kabla chai haijapoa, bosi akatoka stoo na nakala nyingine ya picha ileile, akaniita nimshikie ngazi.

Nikamshikia.