Ugali Uliosimama Kifuani

Mnaoniona leo na mwili huu, nisikilizeni. Mimi Bhoke wa Gorong'a nilikuwa mtu wa jembe. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, wanaume walikwepa kupangwa mstari mmoja na mimi kwenye shamba la wote. Na kula nilikula! Ugali wa mtama kwa maziwa mgando, hamngenikuta nimechoka.

Kisha ugali ukaanza kukwama. Nameza, unasimama hapa katikati ya kifua, halafu unarudi vilevile, hata haujachacha. Wanawake wakacheka: "Bhoke ana mimba." Mimba gani ya kukonda? Miezi ikapita, tumbo likaingia ndani, mifupa ya mabega ikatoka nje.

Mama mkwe akasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Akaniletea mzee fundi wa kukata. Nikafungua mdomo, akakata kwa wembe, nikatema damu mpaka jioni. Ugali ukaendelea kurudi. Fundi akasema kimeota tena, lazima akate zaidi.

"Heshima nakupa, baba, ila mdomo sifungui," nikamwambia. "Koo langu ni zima. Shida iko hapa kifuani."

"Unamkatalia mzee?" mama mkwe akafoka.

"Nakataa kufa, mama."

Mume wangu Chacha alikuwa amesikia yote. Akainuka, akasema, "Jiandae, twende Mwanza."

Daktari wa huko akauliza, "Maji nayo yanakwama?"

"Hata maji."

Nikaweka kidole kifuani, pale panapokwama. Akanisimamisha mbele ya mashine ya picha, nikanywa dawa nyeupe, nzito kama chokaa. Kwenye picha njia ya chakula ilikuwa imetanuka juu, chini nyembamba kama mkia wa panya.

"Mlango wa kuingia tumboni haufunguki," akasema. "Ni palepale ulipoweka kidole."

Jamani, nilijisikia mtu!

Wakanilaza kwa dawa, wakapitisha mpira kooni, wakaupanua mlango ule. Nilipoamka kifua kiliuma, lakini uji ulishuka. Ulishuka! Nililia mbele ya muuguzi bila haya.

Niliporudi, mama mkwe alisonga ugali mwenyewe, akakaa ananitazama shingo nikimeza. "Umefika tumboni?"

"Umefika, mama. Ongeza."

Akaongeza huku machozi yanamtoka.

Namshukuru Mungu, namshukuru Chacha, na daktari yule aliyeuliza kabla ya kushika chombo. Na wewe ambaye chakula kinakurudi, usikae nyumbani ukisubiri wembe. Nenda hospitali, weka kidole pale kinapokwama, na usikiondoe kidole hicho mpaka daktari aangalie.