Rufaa ya Katoni za Riruta

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikipanda ngazi za jengo fulani mjini nimekumbatia katoni tatu tupu, moyo unanidunda kama wa bwana harusi. Nilikuwa kijana bado. Masomo yangu ni machache, kwa hivyo nikieleza vibaya unisamehe.

Karakana yetu ya Riruta ilitengeneza katoni za maparachichi. Zikipangwa moja juu ya nyingine, za chini zilibonyea. Kila fundi alikunja katoni kwanza, kisha akabandika kipande cha kuimarisha kona. Mimi nikajaribu kukibandika karatasi ikiwa bado bapa, nikavikunja vyote pamoja gundi ikiwa nusu mbichi. Kona ikatoka ngumu kama mbao! Nikaomba hataza, serikali iilinde njia hiyo kwa jina langu. Mkaguzi akakataa. Alisema jambo hilo liko wazi kwa fundi yeyote. Nikakata rufaa.

Shahidi wangu alikuwa Mzee Wafula, aliyenifundisha kazi. Asubuhi ile, tukiwa mlangoni pa chumba cha rufaa, akasoma maombi yangu, akavua miwani.

"Kijana, hapa umeandika hata kipande cha kona ulikibuni wewe. Si nilikuonyesha mimi, na mimi nikaonyeshwa?"

"Mzee, nikikitoa si watasema sina kitu?"

"Basi ingia peke yako. Mimi siwezi danganya watu nikiwa nimevaa tai."

Nikamwahidi kuirekebisha, mwanangu, ndipo akaingia nami. Mbele ya jopo la rufaa niliomba sehemu hiyo ifutwe. Nikasema hapo mkaguzi yuko sahihi, kipande kinajulikana; ninachodai ni ukunjaji tu. Mwenyekiti, mama mmoja mtulivu, akamgeukia Mzee.

"Na huu ukunjaji, uliuona ni wa kawaida?"

"Wa kawaida? Nilimcheka wiki nzima, mama! Kila fundi anajua karatasi mbichi ukiikunja inapasuka."

"Ikapasuka?"

"Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaipanda na huu mwili wote unaouona. Haikubonyea!"

Chumba kikaangua kicheko, hata mkaguzi. Nami, niliyekuwa nikiona haya kwa kuchekwa karakanani, nikaelewa papo hapo: kama njia ile ingekuwa wazi, fundi mkongwe kama yule angeicheka?

Uamuzi ulipotoka, rufaa ilikubaliwa, kwa ukunjaji peke yake. Nilipiga kelele barabarani mpaka askari akanigeukia!

Sijui kama ningesema kweli bila Mzee. Nadhani hapana, na ndiyo sababu nakuandikia haya. Mwanangu, taja ulichofundishwa na aliyekufundisha. Kisha kile kilicho chako, hata kiwe kidogo namna gani, kisimamie bila haya. Mungu aibariki mikono yako, akuzungushie watu wanaokupenda kiasi cha kukukatalia.