Nyumba Iliyong'olewa Ngazi

Mimi sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa wala njaa. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo maswali ninayoulizwa kila nikisimulia jambo hili. Lilitokea, na lilinitokea mimi.

Ni fundi wa mawe, nyumbani ni Nyakoe. Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Nyamache, jina lake Makori, aliniita nimtengenezee ngazi za mbele ya nyumba. Nyumba yenyewe iko mteremkoni, juu ya shamba la majani chai, kwa hiyo msingi umeinuliwa sana. Ukisimama uani, kizingiti cha mlango kinakufika kifuani. Ngazi zilikuwa za mawe ya kuchonga. Mvua ilikuwa imekula udongo chini yake, zikazama upande mmoja na kupasuka. Hazikuwa za kuzibwa kwa simiti. Nilimwambia tuzing'oe zote, tuanze upya.

Ijumaa jioni nilikuwa nimemaliza kung'oa. Mawe mazima niliyapanga kando. Kati ya ua na mlango hapakubaki kitu ila shimo na matope, na watu wa nyumba wakawa wanapita jikoni. Wao ni Wasabato, kwa hiyo jua lilipokaribia kutua walikuwa ndani wakijitayarisha kuipokea Sabato, nami nikawa naosha mtaimbo niende zangu. Mwanga ulikuwepo bado. Niamini, niliona kila kitu vizuri.

Bibi mmoja mzee akapanda kutoka upande wa majani chai. Alikuwa na leso mbili na sweta ya kijani, miguu mitupu.

"Bwairire," akanisalimu. Nikaitika. Akautazama mlango kwa muda.

"Umezitoa," akasema.

"Nimezitoa, mama. Zunguka nyuma, jikoni kuna njia."

"Sikuja jikoni. Nishike mkono."

Wewe ungefanya nini? Mzee akikuomba mkono, unampa. Nilidhani anataka kuvuka matope. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nikasema moyoni ni uzee tu. Akainua mguu, akakanyaga hewani, na mguu ukasimama. Akainua wa pili. Nikajikuta mkono wangu uko juu ya kichwa, bado ameushika, nyayo zake ziko usawa wa tumbo langu, na chini yake hakuna jiwe wala ubao. Alipumua kwa shida, jinsi wazee wanavyopumua wakipanda. Katikati alipumzika. Kisha akafika mlangoni, akaniachia, akaingia. Hakugeuka.

Nilikaa juu ya mawe, nikautazama ule mlango. Makori alipotoka kuniaga, nikamuuliza kama mgeni wake amepata kiti.

"Mgeni gani?"

Nikamweleza. Nilipotaja sweta ya kijani, akaketi kando yangu.

"Huyo ni magokoro," akasema. "Nyanya yangu, ndiye aliyenilea. Nilipojenga hapa, magoti yake hayakuweza ngazi hizi. Zilikuwa ndefu. Alikuwa akija, anakaa pale chini, tunamletea uji nje. Nikawa namwambia nitazipunguza."

"Naye akasemaje?"

"Alisema hana haraka." Akanyoosha kidole kuelekea upande wa majani chai. "Tulimzika pale chini, kwenye migomba."

Tuliingia tukatazama chumba hadi chumba. Hapakuwa na mtu. Mkewe alikuwa sebuleni muda wote akikunja nguo za kanisa. Hakuona mtu, ila alisikia mtu akishusha pumzi, kama aliyefika.

Jumapili nilirudi kazini. Nikajenga ngazi fupi na pana, ambazo hata mtoto anaweza kuzipanda akitambaa, na Makori hakubishana nami kwa lolote. Nasikia bibi hajaonekana tena, nyumba imetulia.

Mkono wangu ndio haukutulia. Tangu jioni ile, wa kulia, ule alioushika, hauhisi joto wala baridi. Nimewahi kushika sufuria motoni nikajua naungua kwa harufu. Hospitali wameupima wakasema ni mzima. Sasa tindo nalishika kwa kushoto, na kazi inakwenda polepole.

Basi wewe unayenisikiliza, usimnyime mzee mkono. Lakini akikuomba umpandishe, tazama kwanza mguu wake utakanyaga wapi. Usipoona pa kukanyaga, mpe fimbo.