Kona za Kushoto

Mimi ni mbishi, na ubishi ndio ulionifikisha kwenye ule uwanja wa lami nje kidogo ya Usagara. Zamani malori ya pamba yalikuwa yanapanga foleni pale. Siku hizi kiwanda kimefungwa, mlinzi anafuga kuku, na Jumamosi mojamoja wapenda pikipiki tunapanga matairi mabovu yaliyopakwa chokaa, kisha tunazunguka huku tukipimana muda kwa simu. Anayetufundisha ni mzee mmoja mstaafu wa polisi, aliyekuwa akiendesha pikipiki za kuongoza misafara. Wote tunamwita Afande.

Wenzangu walifuata kasi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mama yangu.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwangusha. Tulikuwa tunatoka kanisani, tunateremka kilima chetu kule Ilemela, tukafika kwenye kona ya kushoto iliyo chini ya mawe makubwa. Pikipiki ikagoma kukata kona, ikatanuka hadi upande wa pili wa barabara, tukaishia mtaroni. Haki ya Mungu, hatukuwa na kasi. Mama alichubuka goti vibaya na kitenge kikachanika. Alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akaniambia, "Umekimbiza mpaka umenimwaga." Kuanzia hapo hakupanda tena. Kila Jumapili asubuhi bodaboda wa kijiweni alipiga honi mlangoni kwetu, mama akatoka na Biblia yake, akakaa upande, miguu yote kushoto kama kawaida yake, huyo akaenda zake. Pikipiki yangu ilibaki ukutani, imeoshwa, inang'aa. Jamani, iliniuma! Mtoto una pikipiki, halafu mama yako anabebwa na mtu baki.

Basi nikaapa kwamba nitajifunza kukata kona mpaka mama mwenyewe aseme twende.

Afande hakuwa na maneno mengi. Breki umalize kabla ya kona. Macho yatazame unakotaka kutokea, siyo unakoogopa kuangukia. Mwili utangulie kuingia ndani ya kona, pikipiki itafuata. Nilidhani ni porojo, lakini nilipojaribu kwenye kona za kulia pikipiki ililala kwa ulaini nisioutegemea, nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Ilinishika kabisa. Kazini, huku nimeinamia friji la mteja nalitengeneza, nilikuwa nawaza kona.

Tatizo lilikuwa kushoto. Kila raundi niliachwa sekunde kadhaa, na zote zilipotelea kwenye kona mbili za kushoto.

"Wewe vipi?" Afande aliniuliza. "Kulia mwanaume, kushoto bibi harusi!"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka kwa nje tu. Nikaanza uchunguzi. Kwanza nikadai ni mizunguko ya barabarani, kwa kuwa hapa nchini yote tunaizunguka kwa kukata kulia, kwa hiyo kulia tumekuzoea. Afande akanitazama. "Na hawa wenzako huwa wanazunguka mizunguko ya nchi gani?" Nikabadilisha tairi la nyuma. Nikapima upepo, nikanyoosha usukani, nikamlaumu fundi wangu bure. Majuma machache baadaye nikachuchumaa nyuma ya lile tairi jipya, nikaona jambo la ajabu. Upande wa kulia mpira ulikuwa umelika vizuri hadi karibu na ukingo. Upande wa kushoto vile vinywele vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo dukani vilikuwa bado vimesimama, havijaguswa na lami hata kidogo. Kumbe siyo uwanjani tu. Mjini kote nilikuwa silazi kushoto! Kwa nini? Nilitamani kupata jibu kuliko nilivyotamani kuwahi raundi.

Jioni ile nilimkuta mama uani anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwonyesha video ambayo mwenzangu mmoja alinirekodi nikizunguka. Sikuwa na lengo lolote, nilitaka tu aone kuwa sizururi. Aliisogeza simu karibu na macho, akaangalia hadi mwisho, akaniambia niirudishe mwanzo.

"Huku unalala vizuri," alisema akionyesha kulia. "Huku mbona unakaa kama umebeba trei ya mayai?"

"Ndiyo ninachotafuta, mama."

"Si ulale tu na huku?"

"Kushoto huwezi kulaza hivyo, mama. Miguu yako itaburuzika chini."

Lilinitoka hivyo hivyo, bila kufikiri. Mama akaacha kuchambua. Akatazama tena simu, ambamo nilikuwa peke yangu juu ya pikipiki.

"Miguu yangu?" akauliza. "Mimi nipo wapi hapo?"

Tangu ninunue pikipiki nilikuwa nimembeba yeye, kanisani, sokoni, misibani, miguu yake ikining'inia kushoto, na kila kona ya kushoto nilikuwa naishikilia pikipiki isimame wima ili lami isimguse. Mwili ulikuwa umejifunza hivyo bila kuniuliza. Pikipiki isiyolala haikati kona. Inatanuka.

Mama alishika goti lake lenye kovu. "Kumbe siku ile hukukimbiza," alisema taratibu. "Kumbe uliniangusha kwa kuniogopea miguu." Kisha akarudia mchele wake, na mimi nikaingia ndani, maana machozi yalikuwa yananilenga na sikutaka ayaone.

Jumamosi iliyofuata nilizunguka huku nikipiga kelele ndani ya helmeti. Kila nikikaribia kona ya kushoto, "Mama yuko nyumbani! Mama yuko nyumbani!" Raundi za mwanzo mwili ulikataa. Baadaye ukaanza kukubali kidogo kidogo, bega likaingia, goti likafunguka, mpaka kikanyagio cha kushoto kikakwaruza lami kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Niliposimama, Afande alikuwa anaitazama simu, kisha ananitazama mimi.

"Muda umeshuka," alisema. "Ila hayo maombi unayopiga kule ndani ni ya dhehebu gani?"

Siku ya pili yake, Jumapili, honi ililia mlangoni kama kawaida. Nilisikia mama akimwambia yule bodaboda aende tu, leo ana usafiri. Akatoka. Chini ya gauni la kanisani alikuwa amevaa suruali ya suti ya marehemu baba, imekunjwa mara mbili miguuni. Mama yangu, mjane wa mzee wa kanisa, ambaye maisha yake yote alisema kukaa kiume kwenye pikipiki ni utovu wa adabu! Jirani alitoka kabisa nje kushangaa.

"Usinitazame," aliniambia. "Washa."

Akapandisha mguu mmoja huku, mmoja kule, akanikamata kiuno. Tuliteremka polepole. Tulipokaribia ile kona chini ya mawe nilihisi mabega yangu yanakakamaa, pikipiki inataka kusimama wima tena. Mama akanigonga mgongoni.

"Laza, baba," alisema. "Miguu nimeitoa huko."

Nikalaza, na yeye akalala nami.