Juisi Yangu Nyekundu Kule Lushebere

Furaha alipojifungua alinipigia simu akaniomba niwe mama wa ubatizo wa mwanawe. Tulifahamiana zamani alipokuwa akisoma Dodoma. Alianza kuwa mteja wa kibanda changu cha juisi, akaishia kuwa ndugu. Lakini mama mkwe wake, huko Lushebere katika milima ya Masisi, ng'ambo ya Rwanda, hakutaka mjukuu akabidhiwe mtu wa nchi nyingine asiyemjua. Alitaka kuniona kwanza. Basi nikafunga safari, begini nina maua makavu ya rozela ya kutengenezea juisi, masikioni nina maonyo ya majirani: kule watu hutiliana sumu, usile ovyo.

Njia nzima ya Rwanda nilikula biskuti zangu. Furaha alinipokea Goma, tukapanda gari la abiria hadi Sake. Pale kina mama wanakaanga sambaza, visamaki vidogo vya Ziwa Kivu, na harufu yake ilinimaliza. Nilimkazia macho muuzaji tangu anavitoa kwenye mafuta. Kabla hajanipa fungu langu akachukua kimoja akakitafuna huku akinitazama. Nikajisemea, huyu naye, biashara gani ya kula mali ya mteja? Hata hivyo nilikula, nikaongeza.

Kutoka Sake barabara inapanda milimani, nasi tukachukua pikipiki mbili. Mushaki tulisimama kununua jibini la duara, wenyewe wanaliita fromaji. Mzee mmoja mwenye kofia alikata kipande akala yeye, ndipo akanikatia mimi. Lilikuwa laini, lenye chumvi ya kiasi, tamu kweli. Mbele kidogo mama wa mahindi ya kuchoma alipukuchua punje chache kwenye hindi langu akazitia kinywani. Hapo roho yangu haikutulia tena. Ama watu hawa walikuwa walafi, ama kulikuwa na jambo ninalofichwa, na Furaha alikuwa akitabasamu tu. Nilianza kumtilia shaka hata yeye.

Lushebere tulifika jioni. Sokoni, karibu na mahema ya waliokimbia vita, mama mmoja aliuza kasiksi, pombe ya ndizi. Vinywaji ni kazi yangu, kwa hiyo nilitaka kuijua. Akajaza kikombe cha plastiki, akapiga funda kubwa, akafuta ukingo kwa kiganja, akaninyooshea kilichobaki. Nikakikataa. Furaha alikipokea, akakimaliza yeye. Tabasamu lake lilikwisha pale pale.

Kesho yake, nyumbani kwa mama mkwe wa Furaha, niliamua kumpendeza kwa ufundi wangu. Nikachemsha rozela kwa tangawizi na sukari, nikaipoza, ikatoka nyekundu iliyoiva. Mashemeji wa Furaha walijaa sebuleni. Nikapiga magoti, nikampa mama mkwe kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, kama tunavyowapa wakubwa kwetu. Alikipokea, akaitazama ile rangi, akakiweka chini. Furaha, aliyekuwa amempakata mtoto, akamvuta kifuani.

Nikamuuliza mama kama hana kiu.

"Kiu niko nayo," akasema. "Naangalia weye."

Nikamgeukia Furaha.

"Huku kwetu mwenye analeta njo anaonja wa kwanza, dada," Furaha akasema polepole. "Nilizania uliona mu njia."

Niliona, ndiyo, na sikuelewa. Jana yake, njia nzima, watu wasionijua walikuwa wananihakikishia kwa vinywa vyao kwamba chakula chao ni salama, nami niliyekuja nikiogopa sumu nikawaita walafi. Sasa mtu wa kuogopwa nilikuwa mimi, na nilikaribia kumkosa yule mtoto kabla sijamshika. Niliona aibu sana.

Nikachukua kile kikombe, nikapiga funda kubwa, nikafuta ukingo kwa kiganja, nikamrudishia mama. Akaonja. Akanywa tena, safari hii bila haraka, mpaka kikombe kikabaki kitupu.

"Iko na uchachu," akasema, "lakini iko muzuri." Kisha akamgeukia Furaha. "Mupatie mutoto yake."

Jumapili tulimbatiza. Siku ya kurudi nilipita kwa yule mama wa kasiksi, nikaomba kikombe, nikangoja anywe kwanza. Ilikuwa nzito, yenye ladha ya moshi kidogo, na nilijuta kuikataa mara ya kwanza.

Siku hizi kibandani kwangu Dodoma, mgeni akija naonja mbele yake ndipo nampa. Juzi mteja mmoja aliniuliza nimeanza lini ulafi. Nikamjazia kikombe kingine, na hicho nacho nikakionja.